Muziki wa Kanda Bubu

Papa, yaani baba yangu, alinyoosha mkono akazima simu yangu kabla wimbo haujafika nusu. Hakuuliza wala hakuomba radhi. Aliibonyeza kama mtu anayeua mbu, kisha akailaza mezani kifudifudi. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, mwaka 2022, tuko wawili tu sebuleni kwake, mtaa wa Cimpunda, huko Kadutu, na sahani za fufu hazijaondolewa.

"Nani alikupatia hii?"

"Nimeifanya miye mwenyewe, papa. Ila ile sauti ya mbele ni ya filme. Ile ya polisi mwenye pikipiki, yenye ulikuwaka unatuonyesha."

"Futa."

Nikacheka. Papa yangu, Modeste, ni mtu wa mzaha, hata msibani watu humkalia karibu ili wapate kupumua. Lakini siku ile hakuwa na mzaha. Alichukua kofia yake akatoka nje, akaniacha na miiba ya samaki.

Mimi ni Joviale. Mchana ninaandika ripoti za miradi ya maji, kazi ya heshima isiyomkosesha mtu usingizi. Jioni, betri ikiwa na chaji, ninavaa vipokea sauti vya masikioni na kutengeneza muziki ambao huko nje wanauita synthwave: besi inayokimbia bila kuchoka, ngoma za mashine, na juu yake kinanda cha umeme kinachovuta sauti ndefu, kama filamu za video za enzi zile zilivyokuwa zikianza majina yakipanda kwenye kioo. Ofisini wananiita Maman Générique, mama wa yale majina ya mwanzo wa filamu. Nimezoea, na wala halinikeri.

Wengi wanaoufanya muziki huu wanakumbuka majumba ya sinema ya kwao, yenye viti vya kukunja na taa za rangi. Mimi nakumbuka chumba cha mbao. Mwaka 1993 nilikuwa na miaka minane, na papa alikuwa na ukumbi wa video hapo hapo Cimpunda: mabenchi sita, televisheni moja juu ya meza, na pembeni kitenge kilichotundikwa kwenye kamba. Nyuma ya kitenge ndipo alipokaa yeye na kipaza sauti, akiichungulia televisheni kwa ubavu na kututafsiria. Kutafsiri, nasema, lakini Mungu anajua alikuwa anatunga nusu yake. Mzee wa Kichina akifungua kinywa, linatoka neno la Mashi, lugha ya kwetu. Mkubwa wa majambazi alifoka Lingala kama mwanajeshi aliyenyimwa njia. Tulikuwa tunacheka hadi benchi linaanguka. Ila nyuma ya kitenge hatukuruhusiwa hata kuchungulia. Kulikuwa na nyaya za umeme, na courant inaua.

Filamu moja haikuwa ya kuchekesha. Karatasi ya jina ilikuwa imebanduka kwenye kanda, kwa hiyo sisi tuliiita tu filamu ya polisi. Alikuwa anaendesha pikipiki kando ya bahari, peke yake, akimtafuta ndugu yake, na kila aliposhika barabara muziki ulianza. Noti saba zinapanda, mbili zinashuka, halafu sauti moja inabaki ikitetemeka mpaka kona. Ilionyeshwa kila Ijumaa mchana, karibu miezi miwili, kwa sababu watu waliitaka tena na tena. Nilikuwa nalia kila mara, nami sikuwa mtoto wa kulia ovyo.

Noti hizo hazikunitoka kichwani. Miaka ishirini na tisa baadaye nilizijengea wimbo mzima, nikamtumia Chrispin. Chrispin ni mtoto wa Cimpunda aliyehamia Liège, Ulaya, na huko ana nyumba ndogo ya kutoa muziki. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, akihema kama aliyepanda ngazi.

"Jovi, miye hii wimbo naijuwa! Nilikuwaka nakaa benchi ya pili, kwa papa yako. Nakuapia, nimelia mu kazi, bazungu bananiangalia. Nataka kuitoa, na jina yako mbele. Lakini kama ni ya wenyewe, bataniua. Nitafutie jina ya filme, ao jina ya mwenye aliitunga. Niko na mwezi moja tu."

Jamani, hakuna mtu aliyewahi kulia kwa sababu ya kitu nilichofanya mimi. Ripoti zangu hazilizi mtu. Niliutaka wimbo ule utoke kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote tangu nimalize masomo. Nikatafuta. Niliandikia watu wanaokusanya kanda za zamani, nikawaimbia noti zile kwa simu, nikatazama mapolisi wa pikipiki mpaka macho yakauma. Hakuna aliyeujua muziki huo, hata mmoja. Ndipo siku ile ya Jumapili nikamwekea papa, nikidhani atalitaja jina la filamu papo hapo, akaniambia nifute.

Jumatano alikuja kwangu. Papa haji kwangu bila kupiga simu, na siku hiyo hakupiga. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, kofia magotini.

"Ile filme haikuwaka na muziki," alisema.

"Mbona niliisikia? Chrispin pia aliisikia."

"Kasete ilikuwa bubu. Ilikuja vile, picha muzuri, sauti hakuna. Kusema, nilikuwa nasema miye, hiyo haikuwa shida. Lakini ile pikipiki inapita tu, na batu bananyamaza, ilikuwa inaniumiza. Mulikuwa munanisikia miye, Joviale. Mudomo unasema, mikono inacheza."

Sikuamini. Papa yangu namjua tangu nijue kuita papa, na sijawahi kumwona akigusa kinanda. Nilimwambia hivyo. Akavuta pumzi, akanieleza yote, bila kunitazama.

Parokia ilikuwa na synthé moja, kinanda cha umeme alichokileta padri mmoja kutoka likizo Ulaya, na kwaya nzima ilikuwa inajivunia chombo hicho. Papa alikuwa anaimba safu ya tatu. Rafiki yake mkubwa, Jean-Claude, alikuwa sakristani, mtunza vyombo vya kanisa, na funguo zote zilikuwa kwake. Kwanza alimfungulia papa ajifunze mchana, watu wakiwa kazini. Halafu, Ijumaa, akamwachia aibebe. Papa aliifunga ndani ya blanketi, akapita nayo njia ya nyuma, akacheza filamu, akairudisha kabla kwaya haijaja kufanya mazoezi ya Jumamosi. Hakuna aliyeona.

Ijumaa kabla ya Pentekoste umeme ulikatika katikati ya filamu, kisha ukarudi kwa kishindo. Televisheni ilikuwa kwenye stabilisateur, kile kisanduku cha kutuliza umeme. Synthé alikuwa ameichomeka moja kwa moja ukutani, maana stabilisateur ilikuwa na tundu moja tu. Alisikia harufu ya kuungua, akaendelea kusema maneno ya polisi mpaka mwisho kwa sababu watu walikuwa wamekaa. Jioni aliifuta, akaifunga, akairudisha mahali pake, funguo akampa Jean-Claude, na hakumwambia kitu.

"Nilijisemea, labda ikipoa itaimba," alisema papa. Huyo ndiye mtu aliyetusomesha sisi watoto wake wote wanne.

Haikuimba. Jumamosi umeme haukuwepo, kwaya ikafanya mazoezi bila chombo. Siku ya Pentekoste, kanisa limejaa, mpigaji akabonyeza na hakuna kilichotoka. Padri aliuliza funguo ziko kwa nani. Watu wakaanza kusema Jean-Claude ameikodisha kwa orkesta za arusi. Papa alikuwa pale safu ya tatu, amevaa vazi la kwaya, akasikia kila neno. Jean-Claude alipoteza kazi na nyumba ya parokia aliyokuwa anakaa. Papa aliacha kwaya akasema koo linamsumbua. Mwaka huo huo akafunga ukumbi.

Niseme ukweli: furaha ndiyo iliyonishika kwanza. Muziki ni wake! Hakuna wa kunishtaki, Chrispin atautoa, na noti nilizozipenda maisha yangu yote zimetoka kwenye vidole vya baba yangu. Aibu ilifika baadaye kidogo, nayo ilikaa zaidi.

"Basi naandika jina yako," nilisema.

"Hapana. Jean-Claude angali muzima, iko anakaa kule mutaa ya Kasha. Ataisikia na jina yangu juu, itakuwa ni kama niko namucheka. Andika jina yako peke yako. Ao sema hawajuwe mwenyewe."

"Siwezi iba kwako, papa. Na Chrispin hatakubali ya mwenye hajulikani."

"Basi acha."

"Twende kwake."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo sokoni. Lakini Jumamosi, saa tatu asubuhi, alikuwa mlangoni kwangu, amenyoa ndevu, na amevaa koti la sikukuu.

Mtaani Kasha tuliuliza njia mara mbili tu. Tulimkuta Jean-Claude mbele ya nyumba yake, akiwatupia majani simbilisi wake ndani ya vizimba. Ni mzee mwembamba, mabega yamemshuka, lakini vidole bado vina adabu ya mtu aliyezoea kushika kalisi ya misa. Mkewe, maman Emérence, alitoka na kiti kimoja, akanipa mimi. Hakutoa cha pili. Wala hatukuletewa hata maji, na kwetu nyumba ya Mshi isiyompa mgeni maji imekwisha kusema.

"Jean-Claude, nimekuja," alisema papa.

"Naona."

"Njo miye nilibebaka ile synthé. Njo miye niliiunguza."

"Unaambia nani? Miye nilikupatia funguo."

"Najuwa. Napenda kuisema mbele ya mutoto yangu, na mbele ya bibi yako."

Jean-Claude alimaliza majani aliyokuwa nayo mkononi, kizimba kwa kizimba, ndipo akajibu.

"Padri aliniuliza mara tatu, nani aliibeba. Nikanyamaza. Nilijisemea, nikimutaja Modeste tutaanguka bote wawili, na yeye ana batoto bane. Apumue kwanza, atakuja kusema mwenyewe. Nilikungojea lundi, kesho yake ya Pentekoste. Nikakungojea mardi. Mercredi, siku ya tatu, tukatoa vitanda."

"Na mimba yangu ya miezi munane," alisema maman Emérence kutoka mlangoni. "Tulikuja na miguu."

Papa alivua kofia. "Niliogopa," alisema. "Kila siku nilisema kesho. Kiisha ikawa mwaka, na mwaka ni nguvu kuliko siku." Sikuwahi kumwona papa akikosa neno, yeye aliyewapa maneno Wachina na majambazi wa dunia nzima.

"Na leo ni juu ya nini? Uko mugonjwa?"

"Hapana."

"Basi juu ya nini?"

Papa alinigeukia, na nilitamani ardhi ipasuke. Ningeweza kusema ni dhamiri, ni Kwaresima, ni uzee. Nikaona hapana, nyumba hii imedanganywa vya kutosha.

"Ni juu ya wimbo, papa Jean-Claude. Ule alikuwaka anacheza mu filme. Nataka kuutoa na jina yake, na yeye amekataa juu yako."

Alicheka kidogo, puani, bila furaha. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Weka."

Niliweka. Simu ndogo, sauti ndogo, simbilisi wakitafuna. Besi ikakimbia, ngoma zikaingia, kisha zile noti saba zikapanda. Hakutikisa kichwa wala mguu. Aliusikiliza mpaka mwisho kabisa, hadi pale sauti ya mwisho inapofifia na mtu hudhani umekwisha kumbe bado.

"Hii ya kukimbia ni weye," aliniambia.

"Ni miye."

"Na hii ya juu ni yeye."

"Ndiyo, papa."

Akamgeukia baba yangu, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni.

"Njo leo naisikia. Kadutu yote iliisikiaka, batoto balikuwa banaimba mu njia. Miye hapana. Kila vendredi ya filme nilikuwaka kwa mulango ya sakristia, nalinda padri asiingie, juu weye ucheze."

Maman Emérence aliangalia chini, na mimi nilikuwa nimeishika simu sijui niiweke wapi.

"Weka tena," alisema Jean-Claude.

Niliuweka tena. Safari hii alifumba macho. Ulipokwisha alisimama, akakung'uta suruali, akaokota kisu chake cha kukatia majani.

"Kusamehe, sijuwe," alisema. "Nitaona. Wimbo ni muzuri." Na akaenda nyuma ya nyumba.

Papa alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. Ulibaki hewani kidogo, kisha akaushusha, akamuaga maman Emérence kwa heshima zote, naye akaitikia kwa kichwa. Tulirudi barabarani tukishuka polepole, kwa sababu magoti yake si ya zamani, na wingu lilikuwa linakuja kutoka upande wa ziwa. Tulifika barabara kubwa.

"Hakunipatia mukono," alisema.

"Eh, papa."

"Ni haki yake." Alipangusa uso kwa kofia. "Andika jina yangu."

"Tukifika nyumba nitaandika, papa. Mvua iko inakuja."

"Andika sasa. Nikifika nyumba nitaogopa tena."

Nikasimama kando ya barabara, nikatoa simu kumwandikia Chrispin. Mvua ilianza nikiwa katikati ya jina, na yeye alinishikia mkoba mpaka nikatuma.