Gari la Kuvutwa

Kuna watu Mungu amewapa mdomo wa kuwatosha watu saba, akasahau kuwawekea masikio. Mmoja wao ni huyu anayeitwa Bingwa. Jina hilo hakupewa na mtu. Alijipa mwenyewe zamani, aliposhinda mbio moja ya magari ambayo wenzake wote wa maana walikwama kwenye matope, na tangu siku hiyo ukimwita kwa jina jingine haitiki.

Bingwa aliabudu magurudumu ya nyuma. Gari la mbio, kwake yeye, ni lile ambalo injini inazungusha magurudumu ya nyuma, nayo yakalisukuma gari mbele kiume. Gari ambalo kazi yote inafanywa na magurudumu ya mbele, likajivuta kwa pua, hilo hakuliita gari. "Mkokoteni wa punda," alisema, na alisema popote pale, dukani, kwa kinyozi, hata msibani. Watu wamekwenda kumzika jirani, yeye anazika magari ya kuvutwa.

Mkewe, ambaye maneno yake ni machache lakini yana chumvi, alimjibu mara moja tu, akiwa anakunja nguo. "Cha kuvutwa ni mkokoteni, haya. Na cha kusukumwa kinaitwaje? Si toroli hilo?" Bingwa akajifanya hakusikia. Kujifanya hasikii ndiyo fani aliyoiweza kuliko udereva.

Walikuwa na mtoto mmoja, binti, na samaki huyo Bingwa alimkunja angali mbichi. Miguu yake ilipofika tu kwenye pedali, baba akamweka kwenye gari lake kuukuu la kusukumwa, wakawa wanazunguka kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya karakana. Somo lilikuwa hilo hilo kila siku: mkia ukianza kukutoka kwenye kona, achia mafuta, usukani uufuate mkia. "Achia," anasema baba kutoka kiti cha pembeni, na mguu wa mtoto unainuka. Ikafika mahali binti hafikirii tena. Sauti inaingia sikioni, mguu unatii. Na kwa gari lile, tusimwonee mtu, somo lilikuwa sahihi.

Lakini mtoto akakua. Akapata kazi ya kusambaza mikate kwa kigari cha kuvutwa, asubuhi kwa asubuhi, barabara zikiwa bado zina utelezi, hadi akakijua kile kigari kama anavyoijua mifuko yake. Halafu siku moja akaazima gari la rafiki yake, nalo la kuvutwa, akaingia kwenye mbio za madereva wasio na timu, na vijana wenye magari ya kusukumwa, yenye mingurumo ya kutisha watoto, wakala vumbi lake mpaka mwisho. Aliyekuwa akitazama ni mkuu wa timu moja ya mbio, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo ambaye wote humwita Bosi. Timu yake ilikuwa na kiti kimoja cha dereva kilicho wazi. Akamwita binti kwenye majaribio.

Gari la timu ile, bila shaka umekwisha kubahatisha, lilikuwa la kuvutwa.

"Wamekupa punda, mama," Bingwa akasema aliposikia, akacheka peke yake. Kicheko kilimkauka pale binti alipomwambia lililobaki: amemwambia Bosi kwamba hasaini mkataba bila baba yake kuwa mwelekezi wake, yaani mtu wa kukaa kando ya dereva na kumtajia kona inayokuja. Bosi amekubali kuwajaribu wote wawili.

Hapo sasa. Mgongo na macho vilikuwa vimemtoa Bingwa kwenye usukani miaka mingi, na hakuna timu iliyowahi kumpigia hodi. Kiti cha pembeni ndicho pekee kilichobaki kwake katika mbio zote za dunia, na alikitaka hadi usingizi ukamruka. Ungedhani basi mtu wa hivyo atafunga mdomo wake siku ya majaribio. Thubutu.

Siku yenyewe kulikuwa na manyunyu. Njia ya majaribio ilichongwa ndani ya machimbo ya zamani ya kokoto, udongo mwekundu, na kona moja ndefu ya kushuka iliyowekewa tuta la mchanga upande wa nje kwa ajili ya watakaokosea. Bosi akawasimamisha kando ya gari, akaeleza kwa ile sauti yake ndogo.

"Hili halitaki woga kwenye kona ile. Mkia ukizunguka, usiachie mafuta. Ukiachia, uzito wote unakimbilia mbele, nyuma inakuwa nyepesi, unageuka mzima mzima. Kanyaga. Pua itauvuta mkia urudi mahali pake."

Binti aliitikia kwa kichwa, maana mikate ilikuwa imemfundisha jambo hilo hilo. Bingwa alikuwa akifunga mkanda huku akitabasamu kwa pembe ya mdomo, lile tabasamu la mtu anayemsikiliza mtoto akieleza ndoto. Alisikia kila neno, hakuokota hata moja. "Yaani unateleza halafu unaongeza mafuta," alimwambia fundi wa tairi aliyekuwa amepita hapo. "Hiyo ni akili au ni ugonjwa?" Fundi, mwanamama aliyekuwa akitafuna chingamu, akaendelea kupima upepo wa tairi.

Wakaondoka. Kusema kweli, mwanzo Bingwa alifanya kazi safi. Alitaja kona kwa wakati, sauti tulivu, na binti aliendesha kama anayecheza. Mafundi waliosimama kando ya kamba wakaanza kutazamana. Kisha ikaja ile kona ndefu ya kushuka. Mkia ukatoka kidogo, kiasi tu cha mkia kutoka, na mguu wa binti ulikuwa tayari unakandamiza.

"Achia," akasema Bingwa.

Na mguu ukainuka. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alilisikia, akavunja bampa. Gari lilizunguka, likatanguliza nyuma, likajikita kwenye tuta la mchanga huku taa moja ikipasuka. Hakuna aliyeumia. Mafundi wakaja wakalitoa kwa mabega yao, na kwa mara ya kwanza siku ile gari hilo likawa la kusukumwa, kwa hiyo Bingwa angepaswa kufurahi.

Bosi alifika akiwa na mwavuli. "Nani aliinua mguu?"

"Mimi," akasema binti.

"Kwa nini? Kwenye mbio zile hukuinua hata mara moja. Nilikutazama."

Binti aligeuka akamtazama baba yake, akangoja. Alingoja vizuri, bila hasira, kama mtu aliyemfungulia mwenzake mlango na kuushika ili apite.

"Mzee," Bosi akamwuliza Bingwa, "mlisemezana nini humo ndani?"

Neno moja lingetosha. Bingwa alilijua neno hilo, lilikuwa bado moto mdomoni mwake. Lakini kulitoa ilikuwa sawa na kukiri kwamba punda ana akili zake ambazo yeye hazijui, tena mbele ya mafundi wale na yule mwanamama na chingamu yake. Heri aibu imkute mwingine.

"Ndivyo magari haya yalivyo, Bosi," akasema. "Hayatabiriki. Na dereva naye, unajua tena, bado mtoto."

Mafundi wakaangalia chini. Mtu mzima kujificha nyuma ya mtoto wake ni jambo ambalo hata asiye na haya hulionea haya. Binti akavuta pumzi, akapangusa udongo kwenye mikono yake.

"Naomba nirudie," akasema.

Bosi alimtazama yeye, akamtazama Bingwa, akaelewa yote. "Rudia. Mzee pumzika kidogo. Fundi," akamwambia yule mwanamama wa chingamu, "ingia wewe utaje kona."

Bampa likafungwa kwa waya. Gari likaondoka, na Bingwa akasimama kando ya kamba pamoja na watazamaji, mvua ikimchuruzika shingoni kwa sababu hakuna aliyemkaribisha kwenye mwavuli. Ikafika ile kona. Mkia ukatoka, safari hii zaidi kuliko mwanzo, na Bingwa akajikuta unyayo wake wa kulia umeinuka wenyewe kutoka kwenye tope. Injini haikushuka. Ilipanda, pua ikavuta, mkia ukarudi nyuma ya pua kwa adabu, na gari likapotea kwenye kona kwa mwendo ambao Bingwa hakuwahi kuufikia maishani, wala wale waliokwama matopeni, Mungu awarehemu.

Waliporudi Bosi hakuzunguka mbuyu. "Nafasi ni yako," alimwambia binti. "Mwelekezi utakaa na huyu fundi wetu." Binti akasema sawa. Hakutaja sharti lolote.

Bingwa alimfuata hadi kwenye turubai la timu, alipokuwa akivua glavu.

"Mama, hata neno moja hukuniombea?"

"Nilikuombea kabla hatujaja, baba. Nilisema bila wewe sisaini."

"Na leo?"

Binti alizipanga glavu mezani, moja juu ya nyingine. "Leo uliulizwa swali dogo mbele yangu. Ungesema tu, 'Ni mimi niliyemwambia aachie,' basi. Kosa lako ningelibeba. Wangekukataa, tungeondoka wote wawili, na mimi nisingejuta. Wewe ukalitupia gari, na ulipoona gari halitoshi, ukanitupia mimi."

Bingwa alifungua mdomo. Hakuna siku mdomo ule uliwahi kukosa cha kusema, na hata saa ile haukukosa, maana kilichotoka ni kile kile. "Lakini mama, hata wewe unajua kwamba gari la kuvutwa..."

"Baba," binti akamkatiza, taratibu, kwa heshima yote. "Ukifika nyumbani mwambie mama nimepata."

Akaenda kusaini.