Mbao Zilizolala Ndani

Asubuhi ile niliamka nimeshaamua: tukirudi kambini, naingia kwa kapteni, naaga. Wavulana wameitwa na sheria, hawana pa kukimbilia. Sisi wasichana tunaojitolea tunaruhusiwa kuondoka bila kutoa sababu hadi tarehe fulani, na tarehe yenyewe ilikuwa siku hiyo. Nilikuwa nimechoka, jamani. Mabega yalichubuka kwa kamba za kuburuta hema na jiko lake thelujini, na vidole vya miguu sikuvihisi tangu jana.

Nilimwambia Roope Kinnunen peke yake. Jeshini kila kuruta ana mwenzake: mnalala ubavu kwa ubavu, na kila mmoja anaiangalia pua ya mwenzake isije ikaganda. Wangu ni huyo Roope, mtoto wa Helsinki, ambaye kabla ya jeshi hakuwahi kuvaa miguuni mbao za kutelezea kwenye theluji. Nilipomwambia alijibu, "Sawa," akageukia ukutani mwa hema. Iliniuma kidogo, sitaki kudanganya.

Basi tukavaa mbao, tukaanza safari ya kurudi. Sikufika mbali, nikaanguka kifudifudi. Chini ya mbao zangu theluji ilikuwa imeganda mabonge, kama nimevaa viatu vya mawe.

"Kinnunen! Nani kagusa mbao zangu?"

"Mimi."

"Umezifanya nini?"

"Nilizilaza ndani, karibu na jiko. Zipate joto."

"Zipate joto! Hivi wewe ulizaliwa ndani ya oveni? Mbao zinalala nje! Ukizitoa kwenye joto theluji inayeyuka, halafu inagandia hapo hapo. Mtoto wa chekechea anajua!"

"Niskanen!" koplo alinipigia kelele kutoka mbele. "Mnapiga picha za harusi huko nyuma?"

Roope alishapiga magoti, anakwangua barafu kwa kijiko chake cha kulia supu. Hakuniangalia.

"Unalalamikia miguu kila siku," alisema. "Nikaona, siku yako ya mwisho, angalau leo isikuume."

Hasira ziliniisha pale pale. Nilibaki nimesimama tu, na yeye akiendelea kukwangua. Kisha akajifunga kamba zangu za kuburutia, akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Hivyo hivyo mpaka kambini.

Kapteni alikuwa mlangoni pa ofisi yake.

"Niskanen, leo ndiyo mwisho. Unasemaje?"

Niligeuka kumtafuta Roope. Alikuwa uani, anazichomeka mbao kwenye lundo la theluji, mbali kabisa na mlango wa bweni. Alianza na zangu.

"Nabaki, afande."

"Mbona unalia sasa?"

"Nimechoka, afande."