Jumatano na Jumamosi za Chiku

Sedekia alirudi kutoka migodi ya Afrika Kusini mwaka 1956, mwezi wa sita, wakati baridi ya Mbeya inapouma hadi kwenye meno. Lori lilimshusha barabarani, akatembea kwenda nyumbani kwake Ilomba akipumzika kila baada ya hatua chache. Mkewe, Andendekisye, alikuwa anatwanga mahindi nyuma ya nyumba. Aliona mtu amesimama uani, mifupa mitupu ndani ya koti kubwa, na mwanzoni hakumtambua. Miaka tisa ilikuwa imepita bila barua wala salamu. Wanaume waliorudi kabla yake walikuwa wamemwambia kwamba mumewe ana mke mwingine huko.

"Mama Lusajo," alisema yule mtu, kisha akakohoa kwa muda mrefu. "Lusajo mwenyewe yuko wapi?"

"Tulimzika. Surua. Mwaka wa tatu tangu uondoke."

Sedekia akakaa chini palepale, juu ya maganda ya mahindi. Hakulia. Aliomba maji.

Andendekisye alimpa. Baadaye, watu walipomuuliza kwa nini alimpokea, hakuwa na maelezo mazuri. Alisema tu kwamba mtu aliomba maji, akampa, halafu jua likawa linazama na hapakuwa na mahali pengine pa kumlaza.

Kaka yake, Eliezeri, alifika wiki ileile akiwa amefura.

"Dada, huyu alikutupa. Wamemtumia huko mpaka kaisha, sasa wewe unaletewa mifupa. Mpeleke hospitali."

"Nimempeleka. Wamesema mapafu yameharibiwa na vumbi la mgodini, hayaponi. Nimtunze tu."

"Na wewe unaona Mungu ndivyo anavyotaka?"

"Sijui anataka nini," Andendekisye alisema. "Ila nasali Baba Yetu kila siku. Nikifika pale kwenye kusamehe nitapitaje, na huyu mtu nimemfungia nje?"

Eliezeri alivaa kofia yake, akaondoka.

Kazi ikaanza. Asubuhi kuchota maji mtoni, kuchemsha, kumwosha, kumgeuza ili mgongo usichubuke, kufua vitambaa vyenye makohozi. Kisha shamba. Kisha mtoni tena. Alikuwa akisali huku akisonga ugali, na mara nyingi sala ilikatikia njiani, hajui alipokuwa amefikia. Sedekia naye hakuwa mgonjwa mwepesi. Uji umepoa. Maji yanaunguza. Mto umekaa vibaya. Neno la kuomba radhi Andendekisye alilingoja mpaka Krismasi, kisha akaacha kulingoja.

Siku moja ya mvua, mwezi wa pili, Sedekia alisukuma bakuli, uji ukamwagika kitandani.

"Kule nilikuwa napikiwa vizuri," alisema.

Andendekisye aliweka kitambaa chini. Alijitanda kanga, akatoka, akaenda na mvua mpaka kwa Eliezeri. Huko alikula, akalala kwenye mkeka mchana kutwa kama mtu aliyepigwa rungu. Alipoamka ilikuwa jioni, na hofu ikamshika. Akarudi mbio akiwa na uhakika kwamba atakuta maiti.

Alikuta moshi unatoka jikoni kwake. Chiku, jirani yao Mwislamu, mke wa fundi cherehani, alikuwa amekaa kando ya kitanda akimlisha Sedekia kijiko kwa kijiko. Shuka zilikuwa zimebadilishwa.

"Nilimsikia anaita," alisema Chiku. "Ulikuwa wapi, Mama Lusajo?"

"Nilimkimbia."

Chiku aliitazama miguu yake iliyojaa matope. "Hata mimi ningekimbia. Basi, Jumatano na Jumamosi niachie mimi. Siku hizo wewe lala, au nenda shamba, au kaa tu."

Andendekisye akaegemea mlango, akalia kwa sauti, bila kujali nani anasikia.

Hivyo ndivyo walivyokwenda miezi sita. Mwezi wa nane Sedekia alidhoofika kabisa. Asubuhi moja aliuliza, "Mtoto alifanana na nani?"

"Alifanana na wewe."

Akageuza uso ukutani. Siku ya nne yake akafa.

Baada ya matanga, mzee wa kanisa Ambilikile alikuja kumwomba atoe ushuhuda Jumapili, ili wanawake wajifunze uvumilivu. Andendekisye alikataa mara mbili. Mara ya tatu akachoka kukataa.

Alisimama mbele, mikono imeshika kanga.

"Mnasema nilimpenda mume wangu aliyenitupa. Mimi sikuona upendo. Nilimwosha tu. Siku nyingine nilimwosha kwa hasira. Na kuna siku nilimwacha bila maji wala chakula, nikaenda kulala. Aliyemlisha ni Chiku, jirani yangu. Huyo hasali hapa. Ni hayo tu."

Mzee Ambilikile akaanzisha wimbo haraka.

Nje, watu walimsalimia kwa ufupi, wakapita. Alikuwa ameshaanza kushika njia ya nyumbani aliposikia mtu anamfuata. Alikuwa Tupokigwe, mwanamke aliyezoea kukaa benchi la nyuma na kuondoka kabla ya wengine.

"Mama mkwe wangu hajainuka kitandani mwaka wa tatu huu," Tupokigwe alisema, akitazama chini. "Jana nilimpiga. Mkononi. Sijamwambia mtu."

Andendekisye alikuwa na njaa, na magoti yalimuuma. Alitamani kitanda chake kuliko kitu chochote duniani.

"Nyumba yenu iko wapi?" aliuliza.

"Kule ng'ambo ya mto."

"Maji ya moto yapo?"

"Nitachemsha."

"Haya, twende. Lakini tusiende haraka."