Majina Matatu Kwenye Telegramu

Telegramu ilifika chuoni saa nne asubuhi, mwaka 1975. Iliandikwa hivi: BABA LWAKATARE AMEFARIKI NJOO UPESI RUTASHOBYA.

Josepha Kokushubila, mwanafunzi wa ualimu wa mwaka wa pili, aliipeleka kwa makamu mkuu wa chuo, Mwalimu Shimba Malimi. Meli ya Bukoba ilikuwa inaondoka Mwanza jioni ile. Nyingine ingeondoka baada ya siku tatu, na baba angekuwa amekwisha kuzikwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Aliisoma mara mbili. "Lwakatare ni nani?"

"Baba yangu mzazi."

"Na Rutashobya?"

"Kaka yangu. Baba mmoja, mama mmoja."

"Nawe uliyeandikiwa ni Kokushubila." Aliiweka mezani. "Ndugu Josepha, ruhusa ni ya msiba wa mzazi tu. Muhula uliopita mwenzako alimzika baba yule yule mara mbili. Mimi ni Shimba Malimi kwa sababu baba yangu ni Malimi. Kwetu Usukumani ukilisikia jina, unajua mtu katoka nyumba gani. Hapa naona watu watatu wasiojuana."

"Kwetu Uhaya kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Tuko saba, majina saba. Kinachotuunganisha ni ukoo."

"Saba! Mama yenu akimaliza kuwaita, chakula kimeshapoa."

Josepha hakucheka. Mwalimu alikohoa, akamsogezea fomu.

"Jaza Josepha Lwakatare. Nasaini sasa hivi."

Josepha alishika kalamu, kisha akaiweka chini.

"Jina langu alinipa yeye, Mwalimu. Siwezi kwenda kumzika nikiwa nimelifuta. Na kama ningekuwa mwongo, ningekuletea telegramu yenye jina moja."

Mwalimu Shimba aliivuta fomu, akaandika mwenyewe: Kokushubila. Kwenye nafasi ya marehemu akaandika: Lwakatare, baba mzazi. Kanuni iliyochapwa kwenye fomu ilitoa siku tatu. Alizikata, akaandika kumi.

"Siku tatu zingeishia majini," alisema. "Karani akikusumbua, mwambie aje kwangu. Lori la chuo linakwenda mjini saa tisa, litakushusha bandarini."

"Asante, Mwalimu."

"Pole sana, binti Lwakatare."

Josepha alifika mlangoni, akaegemea ukuta. Tangu telegramu ifike alikuwa akipigania ruhusa. Sasa alikuwa anakwenda kuzika.