Magadi kwenye Gari la Madamu

Kaka yangu Emmanueli alifika saa nne asubuhi, akalisimamisha gari nyuma ya simtanki, mahali ambapo mtu wa barabarani hawezi kuliona. Alishuka bila kunisalimia. Hapo nikajua kuna jambo, maana kaka yangu husalimia hata mbwa.

"Selina, hilo gari unaloliosha liache. Anza na hili, sasa hivi."

Gari lilikuwa jipya, la rangi ya kijani iliyokolea, mali ya kampuni ya utalii anayoifanyia kazi. Lakini kuanzia magurudumu hadi juu ya boneti lilikuwa jeupe. Halikuwa vumbi. Vumbi letu la Karatu ni jekundu, na lile la kule chini kwenye kreta ni la kijivu. Haya yalikuwa magadi ya Ziwa Natron, tope lililoruka, likakauka, likashika kama plasta ya ukuta.

"Uliingia ziwani?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Wageni walitaka kuwaona flamingo kwa karibu. Nikasogea kidogo tu, tairi zikazama. Vijana wa kijiji cha Engaresero ndio walionisukuma." Akatazama saa. "Madamu yuko njiani."

Madamu Verediana, mwenye kampuni, aliwaambia madereva wake wote: gari linaishia kambini, ziwani watu waende kwa miguu. Atakayeingiza gari ziwani arudishe funguo. Dereva mwenzake Polycarp alizirudisha mwaka jana, na mpaka leo hajapata gari jingine. Sasa Madamu alikuwa anatoka Arusha kuja kuwasalimia wageni, na saa saba angelikagua gari mwenyewe. Akikuta magadi, kaka yangu hana kazi.

Kazi yangu hii ya kuosha magari aliniombea yeye. Mimi niliishia darasa la tano, na kuongea mbele za watu kunanishinda. Lakini kuosha najua. Mzee Clemensi, aliyekuwa akiosha magari hapa, alinifundisha kabla hajarudi kwao Mbulu. Magadi yana chembe ngumu, ukiyafuta makavu zinakwangua rangi. Kwa hiyo kitambaa kinasubiri. Unamwaga maji, unayaacha yalainishe, unamwaga tena, mpaka tope lidondoke lenyewe. Ndipo inakuja sabuni nyepesi na kitambaa laini, na ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Mwisho unavaa mfuko mwembamba wa mkate mkononi na kupapasa bodi taratibu. Ukiwa na mfuko, vidole vinasikia hata chembe ambayo jicho halioni.

Nikaanza juu. Magadi yalichelewa kulainika, kisha yakaanza kuteremka kama uji. Upande wa kushoto ukatoka vizuri, ukawa unang'aa. Nikahamia mbele, nikailowesha boneti mara moja.

Mpira wa maji ukatema hewa.

Umeme ulikuwa umekatika tangu jana, pampu ya kisima haikufanya kazi, na simtanki lilikuwa na maji ya jana tu. Niligonga tangi. Likalia tupu.

"Fungua tena," Emmanueli akasema.

"Nimefungua."

"Fungua zaidi!"

Gideon, ambaye huosha magari karibu yangu, alikuwa amekaa juu ya ndoo yake anatafuna muwa. Akacheka. "Dada, unaliosha au unaliombea?"

"Gideon, nyamaza," kaka akamwambia. Akampigia Lekoko, anayeuza maji kwa punda. Nilisikia jibu kwenye simu: foleni kisimani ni ndefu, labda saa nane.

Ndoo zangu mbili zilikuwa bado na maji. Hayakutosha kuosha hata mlango. Jua lilikuwa kali, na magadi niliyoyalowesha kwenye boneti yalikuwa yanaanza kukauka upya pembeni. Nikavua kitenge nilichojifunga juu ya sketi, nikakizamisha kwenye ndoo, nikakitandaza juu ya boneti ili pasikauke. Kila kilipopata joto nilikinyunyizia maji. Sikuwa na jingine la kufanya.

Saa sita ikapita. Emmanueli alizunguka gari mara nyingi sana. Mlango wa kulia ulikuwa mweupe wote, mkavu kabisa. Nilimwona anautazama, kisha anafungua nyuma ya gari na kutoa taulo.

"Kaka," nikasema.

"Nini?"

"Subiri maji."

"Maji yako wapi, Selina? Nionyeshe." Akaukunja mkono wa shati.

Nilitaka kumwambia kwamba mwanamke anayejua magari atasamehe tope haraka kuliko mikwaruzo. Nilitaka kushika taulo. Nilisimama na ndoo mkononi. Akaanza kufuta, kwa nguvu, akizungusha. Taulo lilitoa sauti ya mahindi yanaposagwa. Weupe ukapungua, na chini yake nikaona miduara, mingi, myembamba, imejichora kwenye ile kijani yote. Gideon aliacha kutafuna.

"Inatoka," kaka akasema, akihema. "Unaona? Inatoka."



Madamu alifika kabla ya saa saba. Ni mtu mfupi, anavaa raba, haongei kwa sauti kubwa. Alipita upande wa kushoto bila kusimama. Alipofika mlango wa kulia akainama, akautazama kwa upande, jua likiuangazia.

"Nani amefanya hivi?"

Kaka yangu alikuwa amelificha taulo nyuma yake. Akanitazama. Sijawahi kuona macho yake hivyo, alikuwa kama mtoto.

"Madamu, huyu binti bado anajifunza."

Madamu akanigeukia. "Ni wewe?"

Nikaona nikisema hapana nitamponza, na nikisema ndiyo labda atapona. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Haya," akasema. "Na hiki kitenge ni cha nini?"

Akakiinua kwa vidole viwili. Chini yake magadi yalikuwa mabichi, meupe, laini kama yalivyotoka ziwani. Niliyatunza mwenyewe kwa saa mbili nzima. Madamu akachota kidogo kwa kidole, akanusa.

"Na haya pia ameyaleta yeye?"

Madamu akanyoosha mkono, kiganja juu, akasubiri. Haikuchukua muda. Kaka akatoa funguo mfukoni, akaziweka pale.

"Wewe binti, maji yakija lisafishe," Madamu akaniambia. "Usitumie taulo." Akaingia kwenye gari alilokuja nalo, akaenda kwa wageni.

Emmanueli alibaki amesimama. Nilifungua mdomo, nikamwita, lakini sauti ilitoka ndogo na lori likapita. Akavuka barabara kuelekea nyumbani kwake, na taulo lake begani.

Punda wa Lekoko walikuja saa nane na nusu. Nikamwaga dumu la kwanza kwenye boneti, nikasubiri, nikamwaga la pili. Ikatoka safi, haina hata mkwaruzo mmoja. Kisha nikaenda kwenye mlango wa kulia, nikauosha taratibu sana, ingawa haukuwa na kitu tena cha kutoka.