Kadha ya Vidonge

Muhidini wa Salale alikuwa mcha Mungu wa kupigiwa mfano. Akiugua Ramadhani, Mfungo Mosi hauishi kabla hajalipa kadha ya funga zote zilizompita, na kijiji kizima kikaarifiwa. Mkewe Kudra ndiye aliyearifiwa wa kwanza, maskini, hakuwa na pa kukimbilia.

Moyo wa Muhidini ulipoanza kwenda mbio ovyo ovyo, daktari wa Kibiti alimpa vidonge, kimoja kila asubuhi. Akamfundisha Kudra kuhesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima: yakiwa chini ya sitini, asimeze, waje upesi. Kudra alisikiliza. Muhidini alitazama dirishani, maana nani asiyejua kumeza kidonge?

Vidonge vikaisha, na boti la kijiji likakaa siku tisa limeharibika injini. Siku ya kumi akafika Kibiti kwa Sadala, muuza misumari ambaye soko huria lilimfanya mfamasia bila kumsumbua na masomo. Sadala hakuuliza cheti cha daktari. Alimfungia vidonge kwenye gazeti na kumwombea afya njema.

"Nadaiwa siku tisa," Muhidini alimwambia mkewe. "Kila siku nameza kimoja cha leo na vitatu vya kadha. Siku tatu tu, sidaiwi."

"Baba Fikirini, dawa si funga!"

"Wewe umesoma chuo gani?"

Siku ya pili alitapika, kisha akagomba kwa nini wali umetiwa bizari. Wali ulikuwa mweupe pe. Shuka nayo aliiona ya njano, hata uso wa mkewe.

Asubuhi ya tatu Kudra alimshika mkono, macho kwenye saa. Arobaini na moja. Akarudia: thelathini na tisa.

"Nipe vinne vya mwisho, nimalize," alisema Muhidini, sauti haitoki.

Kudra akavifunga kwenye pindo la kanga. "Deni la marehemu hulipwa na warithi. Hili nitalibeba mimi. Twende botini!"

Hospitalini, daktari alifungua lile pindo, akatikisa kichwa. "Hivi vingemmaliza. Vikizidi, mapigo hupungua na macho huona kila kitu njano."

Siku ya nne wali ulirudia weupe wake. Muhidini akafumbua macho kitandani. "Mama Fikirini, vile vitatu vya kadha bado..."

Machozi yalikuwa yakimtiririka Kudra, vidole viko kwenye kifundo cha mumewe.

"Nyamaza, baba. Utanipotezea hesabu."