Kwapa la Kushoto

...kwa hiyo mkasi ungoje, mkasi hauna haraka, umekwisha kula vitambaa vingi, kimoja kikichelewa hautakufa njaa, na fundi anayeushika, mwaka wa ishirini na mbili sasa kazini, hawezi kukata wakati barua ya hospitali imo mfukoni mwa aproni, imekunjwa mara nne, inamchoma paja, na baba yake palepale mlangoni kwenye benchi, anafumua pindo la suruali ya mteja kwa wembe huku akisimulia habari za jirani yao fundi redio, "...nikamwambia, bwana we, redio haikoromi bure, kuna waya umelegea hapo...", naye anaitikia, "Ehe, baba," maana ehe ya binti kwa mzee huyu haihitaji masikio, inajitokea yenyewe... Haogopi. Hilo lijulikane kwanza. Jumatatu alilia, tena akalia vizuri, kilio cha mtu mwenye kazi nyingi, robo saa kamili, akanawa uso akarudi kwenye vifungo, kwa sababu daktari alimweleza kwa lugha ya mtu na mtu, kwamba ndani ya mwili wake kuna maandishi, ndiyo hizo jeni, na mstari mmoja una kosa, amezaliwa nalo, si kwa alichokula wala kwa dhambi ya mtu, na saratani ya matiti na ya mifuko ya mayai humnyemelea mwenye kosa hilo kuliko wenzake, humnyemelea tu, haijamkamata, na anayejua kuwa ananyemelewa anaweza kugeuka... akauliza maswali kumi na moja, alikuwa ameyaandika nyuma ya kipande cha karatasi ya kaki, akatoka na mpango, mwezi ujao aanze vipimo vya picha, na habari ya upasuaji ataiamua mwenyewe, kwa wakati wake, hakuna wa kumsukuma. Kwake yeye mambo yako sawa. Tatizo limekaa pale kwenye benchi, linafumua pindo, wateja wote wanaliita Mzee Rula.

Maana ukoo mzima ulihesabu upande mmoja, jamani, upande mmoja tu! Ugonjwa wa titi ni mambo ya kina mama, walisema, basi utafutwe kwa kina mama, na mama yake mzazi akachungwa miaka yote kama maziwa jikoni, akishika kifua tu watu wanatazamana, hata yeye msomi, siku ya kujaza ile fomu ya hospitali, ya magonjwa ya ukoo, aliwaorodhesha ndugu wa mama mpaka wajukuu, upande wa baba akapiga mstari mrefu, nesi akauliza, "Na huku je?" akacheka, "Huku nesi wangu ni kwa baba, na baba yangu ana kifua cha kuwekea rula tu," nesi asicheke, "Baba hana dada? Hana mama?"... Shangazi! Shangazi aliyemtoboa masikio, aliyefariki na miaka arobaini na moja, na bibi aliyemtangulia kwa ugonjwa uleule, wawili kamili, na hakuna aliyewahesabu kwa kuwa njia yao inapita kwa mwanamume. Mama naye akapimwa, damu yake haina kosa. Basi ni baba, baba aliyepokea na kupitisha bila kujua, kama mtu aliyepewa bahasha ampelekee jirani... "...anasema ataifungua kesho, kesho ya lini, nikamuuliza..." "Ehe, baba."

"Mwache mzee na amani yake," mama alimwambia jana, kwa sauti ya chini, sufuria mkononi, "alimuuguza dada yake mpaka mwisho, ukimwambia na wewe kosa hilo umelipata kwake atajimaliza kwa mawazo," naye akakubali, ndiyo, jana alikubali, aibu iliyoje, kwa sababu yupo kaka, na kaka ana mabinti wawili, mkubwa ana ishirini na tatu, na kaka kwenye simu alisema, "Hayo ya wanawake, malizaneni huko," kaka ambaye neno haliingii kichwani mwake mpaka litoke kinywani mwa baba, na kosa hili, alisema daktari, kila mtoto wa mwenye nalo ana nafasi nusu kwa nusu ya kulirithi, labda kaka hana, labda analo, labda wale wasichana sasa hivi wanacheka mahali na bahasha mifukoni... na huku anamlinda nani? Mzee? Mzee huyu? Chini ya mkasi imelala paterni yake ya koti, kaki iliyopauka, aliikata kabla binti hajazaliwa, na kwapa la kushoto limepungua nusu inchi, na pale pembeni pana penseli ya baba, *kushoto ongeza nusu*, na penseli hiyo ina siku yake, siku ya suti ya bwana harusi, yeye ana miaka kumi na tisa, amekata sawasawa na karatasi, bwana harusi asubuhi ya shughuli mkono haupandi, wapambe wanafoka, yeye nyuma ya pazia anatamani ardhi imeze, na baba akalaza koti juu ya paterni, akaweka rula, akapima kwapa, kisha mbele ya watu wote, "Kosa ni langu. Karatasi niliikata mimi, miaka yote nasahihisha kwa mkono sikumwambia mtu. Binti hana hatia." Akafumua, akatia kipande, bwana harusi akaenda akacheza. Hakujifungia ndani mzee, hakususa kula, paterni hakuichana, jioni ile alichukua penseli akaandika, ili ajaye asikate gizani... na leo wao, mama na binti, wanataka kumnyang'anya penseli! Mficha maradhi, kilio kitamfichua, na kilio chenyewe kitakuwa cha mjukuu wake. Itamuuma, ataumia sana, atamkumbuka dada yake, atalia labda, na alie, kwani yeye hakulia Jumatatu? Kisha atanyanyua simu na kumpigia mwanawe wa kiume, na sauti ile haijawahi kuambiwa malizaneni huko.

"Mbona mkasi umenyamaza?" anauliza mzee bila kuinua macho, wembe ukiendelea, uzi mmoja, uzi mwingine, na mkasi bado umeachama juu ya mstari wa chaki, kitambaa bado kizima, barua bado ina moto, na yeye anavuta pumzi.

"Baba, unaikumbuka ile suti ya bwana harusi?"